Nilimwita Mwongo kwa Sababu ya Herufi Moja

Nilikosa. Naanza hapo ili usije ukafikiri natafuta mtu wa kumlaumu. Nilimwita mama wa watu mwongo mbele ya foleni nzima, na mwongo nikaja kuwa mimi.

Kulikuwa na ukame mbaya, na mimi nilikuwa karani wa mradi wa chakula cha msaada pale Zombe, Ukambani. Nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta Nairobi kwa miezi minne, basi nikaona dunia nimeimaliza. Ofisini tulikuwa na kompyuta moja tu, ya kutegemea jenereta, na niliyejua kuiwasha ni mimi peke yangu. Watu sokoni wakaanza kuniita mwalimu. Sikuwarekebisha hata siku moja.

Majina ya waliostahili mahindi yalikuwa ndani ya mashine, kila kijiji na faili lake. Mtu anakuja dirishani, anataja kijiji, ananipa kitambulisho. Mimi naandika amri: find, halafu jina lake, halafu faili la kijiji. Jina likiwemo, mstari wake unatokea kwenye kioo, naandika kikaratasi, mtu anaenda stoo kupimiwa. Lisipokuwemo, unaona jina la faili tu, chini yake patupu. Niliipenda hiyo kazi, jamani. Nilikuwa nagonga vile vibonye kwa nguvu ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie.

Siku moja akaja Mama Syombua. Alikuwa mjane, analea wajukuu watatu, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kanisa letu. Jumamosi anafagia, Jumapili anafungua kabla mtu yeyote hajafika. Hata mimi, yeye ndiye aliyenikaririsha aya nikiwa mdogo, na nikikwama ananitajia neno la kwanza polepole ili nisiaibike.

Nikachukua kitambulisho chake, nikaandika SYOMBUA vile kilivyosema. Patupu.

"Mama, jina yako haiko."

"Iko, mwanangu. Mzee wa kijiji aliniandikisha nikiwa hapo hapo."

"Kompyuta imekataa."

"Angalia tena."

Sikuangalia tena. Ningeandika Munyoki, jina la marehemu mumewe, ningempata papo hapo. Lakini foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na kuangalia tena ni kama kukubali kwamba mimi na mashine yangu tunaweza kukosea. Badala yake nikageuza kioo kielekee dirishani ili watu waone.

"Hii mashine haina shangazi wala mjomba," nikasema. "Mtu akikuja kudanganya ili akule chakula ya wengine, itamshika."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe hata wenye kushika funguo!" Mama Syombua akafunga kitambulisho chake ndani ya leso, akakunja gunia lake tupu, akaenda zake.

Zombe ni ndogo. Kufika Jumapili, akina mama wa kamati ya kanisa walikuwa wamekaa na kuamua kwamba mtu aliyeshikwa akidanganya hawezi kuendelea kufungua nyumba ya Mungu. Ufunguo ukapewa mama yangu mzazi. Akauleta nyumbani, akautundika kwenye msumari juu ya meza ninayolia chakula.

"Wewe uliona na macho yako?" akaniuliza.

"Niliona, mwaitu," nikamjibu, na nikaendelea kula.

Miezi miwili ikapita. Akaja fundi, mwanamke kutoka Machakos, kuangalia mashine. Alikaa nyuma yangu nikihudumia watu, akanitazama, halafu akacheka.

"Mbona unaandika jina yote? Hizi majina zetu kila mtu huandika vile anataka. Tafuta kipande tu, utaona."

Alipotoka kwenda kunywa chai, nikajaribu. Sijui ni nini kilinisukuma kufungua faili la kijiji kile. Niliandika MBUA. Kwetu mbua ni mvua, na wengi wetu tumepewa majina yake kwa kuzaliwa ikinyesha. Nje hakukuwa na wingu hata moja, lakini kwenye kioo wakajaa kina Wambua, kina Kambua, mstari juu ya mstari. Na katikati yao: SHOMBUA MUNYOKI, mjane, wajukuu watatu.

Nikalisoma tena, herufi kwa herufi.

Daftari la kijiji kile lilikuwa limeliwa na mchwa, kwa hiyo mzee wa kijiji alinitajia majina kwa mdomo nami nikaandika. Sasa Kikamba hakina sh. Lakini Nairobi walikuwa wakinicheka kwa sy zangu, nikajifunza kuona kwamba sh ndiyo ya wasomi na sy ni ya mashambani. Hata jina langu mwenyewe, ambalo lina sy, nilikuwa naliandika kwa sh kila mahali. Wengine wa kijiji kile wenye sy waliandikishwa kwa majina ya ubatizo, ndiyo maana hawakukwama. Yeye alijulikana kwa Syombua tu. Kwa hiyo aliyelipoteza jina lake ni mimi, kwa vidole vyangu na kiburi changu.

Ningemwita fundi nimwonyeshe. Ningesimama kanisani Jumapili ile niseme. Nilifanya nini? Nilifuta H, nikaweka Y, nikahifadhi faili. Ilinichukua muda wa kupiga chafya. Fundi aliporudi nilikuwa naendelea na foleni kama kawaida.

Kisha nikamtumia Mama Syombua ujumbe aje. Alikuja amekonda, shingo imebaki mishipa. Mjukuu wake mkubwa alikuwa ameacha shule, yuko Mtito Andei akiosha vyombo kwenye hoteli ya madereva wa malori.

"Imeona jina yangu?" akauliza.

"Imeona, mama."

"Kwani imenisamehe?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Mungu anione, nilimjibu hivi: "Ndiyo, mama. Imekusamehe."

Akachukua kikaratasi. Akanitazama usoni, si kwa hasira.

"Nilikuwa nimekosa nini?"

Nikajifanya natafuta muhuri.

Watu wakasema amenihonga. Ufunguo haukurudi kwake. Alimfuata mjukuu wake Mtito Andei pamoja na wale wadogo, na huko ndiko alikozikwa. Mama yangu alienda mazishini. Mimi nilisema nina kazi nyingi ofisini.

Tangu siku hiyo chakula cha pale mezani hakinipiti vizuri. Nikiinua macho naona ule ufunguo.

Wewe unayekaa mbele ya mashine hizi, ambazo sasa zinaingia kila ofisi, nakuomba unisikie. Mashine inatafuta herufi ulizoipa, haimtafuti mtu. Ikikosa jina, jishuku wewe kwanza. Andika kipande, andika jina la baba, muulize mwenyewe anaitwaje kwao. Na ukigundua kwamba umekosa, sema siku hiyo hiyo na usemee mahali pale pale ulipomwaibishia, kwa sababu ukingoja kama nilivyongoja, utabaki na maneno na hakuna wa kumwambia.

Macho ya mama yangu yamechoka sasa. Gazeti likifika, ukurasa huu wa maungamo ndio wa kwanza anaotaka nimsomee. Husikiliza, hutikisa kichwa, husema, "Watu wengine hawana haya." Mkilichapisha ungamo hili nitamsomea lote, bila kuruka mstari. Nikifika kwenye jina la Mama Syombua nitalitamka vizuri, kwa sy.