Watoto wa Kuazima

Mjomba wangu haikosi misa ya asubuhi. Hata hivyo, baada ya kumzika babu alianza kueneza kwamba mama yangu, mdogo wake, si mtoto wa babu. Eti ni wa jirani wao kule Kipushi, katika kampi ya wafanyakazi wa mgodi, na babu alimlea kwa huruma tu. Ufunuo huo ulimshukia wiki ileile alipopata mnunuzi wa shamba la babu kule Kasungami, ambako mama analima mboga za lengalenga.

Mama hakubishana. Alilima tu, na mama akilima mpaka giza ujue anaumwa. Siku moja akaniuliza, "Weye ulisoma. Hakuna fasi bale bazungu baliandikaka bantu?"

Mahali papo. Nilikwenda kwenye ofisi moja mjini inayotunza karatasi za sensa za zamani. Msimamizi aliniambia nisubiri amalize chai, na chai yake ilikuwa ndefu kuliko ukoloni. Nikapiga chafya juu ya majina ya marehemu mpaka nikampata babu. Mke wake yumo. Watoto wamo, mama hayumo. Mama yumo nyumba inayofuata, mtoto pekee wa kike wa jirani.

Nilimtukana karani aliyeandika vile, marehemu wa siku nyingi, kwa Kifaransa, ili aelewe. Nilitaka kulia. Kisha nikaendelea kusoma, nikaanza kucheka peke yangu.

Jumapili ndugu wote tukakutana nyumbani kwa mjomba, mtaa wa Makomeno. Nikasoma habari za mama, na mjomba akanyoosha koti lake. "Munaona? Haiko wa kwetu."

"Subiri, mjomba. Na wewe umeandikwa kwa babu. Tena kwa jirani huyohuyo. Tena nyumba ya tatu. Una baba watatu, tumfuate yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba anavumilia mengi, ila si kuchekwa.

"Mweye batoto ya leo hamujue kitu," akafoka. "Posho ya unga ilikuwa inafwata hesabu ya batoto. Muzungu anaandika ku mulango ya mbele, shiye batoto tunatokea nyuma ku kikoni, tunaingia kwa mwingine. Kampi yote ilikuwa inaazimana batoto. Na hakuna mwenye alinishindaka mbio! Ule jirani hakukuwa na mutoto hata moja. Baba akamuficha mama yako, asiandikwe kwetu, akaniambia, beba mudogo yako, mukimbie kwa jirani mbele ya muzungu kufika. Nikamubeba ku mugongo, nikaruka lupango."

Mke wake akaziba mdomo kwa kitenge. Mjomba alikuwa bado amenyoosha mkono, akituonyesha urefu wa ule ua alioruka, na mkono ukashuka polepole.

Nilisubiri mama ataje shamba. Hakulitaja; alimgeukia kaka yake.

"Baba alisema vile? Mudogo yako?"

"Ndiyo, njo vile."

"Na weye ukanibeba."

Mjomba akatazama viatu vyake.

"Ulikuwa muzito," akasema.