Hataza na Kifua cha Baba

Neno hataza nililisikia mara ya kwanza redioni, jikoni kwa mama huko Makote, wakati korona ilikuwa imeshatuzoea. Nchi nyingi zilikuwa zinaomba ruhusa ya kutengeneza chanjo zenyewe, na wenye chanjo walikuwa hawajakubali. Baba akaacha kumenya muhogo, akaniuliza hataza ndiyo nini. Mimi ni muuguzi wa zahanati, kwa hiyo nyumbani naulizwa kila kitu, hata mambo ya sheria.

"Ni haki ya aliyegundua kitu, Baba. Mwingine haruhusiwi kukitengeneza mpaka yeye akubali."

Baba alikuwa fundi wa kubebesha mikorosho. Alikuwa akikata vikonyo, yaani vijitawi vichanga vya mkorosho wake bora, akaviunga kwenye miche ya watu, nayo ikaja kuzaa kama wa kwake. Desturi yetu ni moja: unabisha hodi, mwenye mti anakukatia mwenyewe, wala hakunyimi. Ukikata kwa kujificha, hapo mtagombana. Nilidhani atawalaani hao wa redioni. Wapi!

"Mwenye mti asikilizwe, kazi ameifanya," alisema. "Ila hao wenzake, wameshabisha hodi?"

"Wamebisha, Baba. Wenyewe bado wanajadiliana."

"Muda wote huu?" Akarudia muhogo wake.

Mimi sikuwa na utulivu huo. Baba alishavuka sabini, na kifua chake kilikuwa kibovu kwa miaka mingi ya kupulizia mikorosho unga wa salfa. Nilitaka chanjo imfikie kabla ugonjwa haujamfikia. Ndilo nililokuwa naomba kila nikimaliza kuswali.

Kisha ukaingia msimu wa kupulizia. Kila asubuhi vumbi la manjano lilitanda juu ya mashamba, na kijiji kizima kikawa kinakohoa. Hakuna anayeshtuka, kikohozi cha salfa huja na msimu na huondoka nao. Baba alipoanza kukohoa nikamwambia anywe maziwa, aiache mashine ya kupulizia siku mbili tatu. Mimi huyo, mwenye sare, niliyefundishwa kuhesabu pumzi za mgonjwa! Siku ya nne nilimwamkia, akashindwa kumaliza kuitikia. "Mara..." akaishia hapo, akitafuta hewa.

Tukateremka naye hospitali ya Masasi siku hiyohiyo. Waliompokea walimpima, ikawa ni korona. Walijitahidi sana, sina la kuwalaumu. Alikaa siku sita, tukamrudisha kumzika Makote.

Chanjo ilikuja wiki chache baadaye, kwenye kisanduku cha baridi nilichokipokea kwa mikono yangu. Siku nzima nilichanja wazee wa watu, nikiwatania waliokuwa wanaogopa sindano, halafu nikaingia stoo nikalia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie nani zaidi, wale waliokuwa wakijadiliana au mimi na maziwa yangu. Hadi leo sijui.

Mama alikuwa kwenye eda, akakataa kutoka nyumbani hata kwa chanjo. Eda ilipokwisha, safari yake ya kwanza ilikuwa zahanati. Alipanga foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akakaa akafunua bega. Nikamchoma, nikamwekea pamba.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, Mama."

Alikitazama kichupa pale mezani. Kilikuwa kifupi kuliko kidole chake gumba.

"Ndicho hiki tulichokuwa tunakingoja?"

"Ndicho."

"Kimoja kinachanja watu wangapi?"

"Watano."

Mama akalifunika bega lake, akajifunga vizuri khanga.

"Sisi tulitaka ya mmoja tu," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi na wenzake.