Pai za Glenda na chafya ya Mzee Norman

Glenda Aspinall ameinamisha uso juu ya sufuria inayoweza kumwogesha mtoto wa miaka miwili, macho kayafumba, mdomo kaubana. Mvuke unampanda usoni, unaingia kwenye nywele, unatokea nyuma ya masikio. Hanusi. Anasubiri.

"Bado," anasema. Anatikisa kikopo cha pilipili manga nyeupe, anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, anainama tena. "Haya, mama, njoo basi. Usinitie aibu leo."

Nje bado giza. Ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na Mtaa wa Chapel hapa Hindlow, Lancashire, hauna mtu ila paka mmoja anayejua fika kwamba nyama ya ng'ombe imekuwa ikichemka humu ndani, sufuria mbili, tangu jana. Jioni nyama hiyo, pamoja na viazi na vitunguu, itafunikwa kwa unga uliokandwa na mafuta ya nguruwe na kuwa pai za karamu ya klabu ya matufe, mchezo wa kuviringisha tufe kwenye nyasi, ile ya kufunga msimu.

Ghafla Glenda anarudi nyuma, machozi yanamtoka, anacheka. "Imefika! Umeona? Imefika!"

Mama huyu wa miaka 58 anapika pai ya nyama na viazi tangu alipokuwa msichana, katika duka hili hili, kwanza nyuma ya mama yake, sasa peke yake. Wenyeji wataapa kwamba pai ya mama yake iliwahi kuziba tundu la paa la kanisa majira yote ya baridi, na kwamba fundi alipopanda kulitengeneza alikula kiraka kwanza. Tundu lenyewe hakuna aliyeliona. Fundi kila mtu anamjua.

Pai moja ni pauni tatu na nusu. Siku nzuri zinauzwa mia moja na ishirini, siku ya mvua zaidi, maana hapa mvua ndiyo inayoleta wateja. Umeme wa oveni umepanda karibu mara mbili, lakini Glenda hasemi sana juu ya umeme. Tatizo lake liko juu ya mdomo.

Majira ya baridi ya mwaka juzi mafua makali yalimlaza kitandani. Alipoamka, pua ilikuwa imekufa.

"Ulimi bado unanipa chumvi, siki na sukari, basi," anasema. "Nyama siijui. Kitunguu sikijui. Ukinipa sponji yenye chumvi nitakuuliza umeinunua wapi."

Kwa mpishi wa pai, hiyo ni kama fundi saa kupofuka. Tena pai hii haina pa kujificha: viungo vyake ni chumvi na pilipili manga nyeupe tu, na pilipili ndiyo roho. Ikizidi, unakohoa. Ikipungua, umekula viazi vilivyovaa kofia.

Je, si angepima kwa kijiko tu? Glenda anamwangalia anayeuliza kama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli.

"Kijiko kinajua nini kuhusu kiazi? Kiazi cha Machi kinameza pilipili yote. Cha Septemba kinaitema. Wiki hii hivi, wiki ijayo vile."

Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili ameazima kinywa cha mtu mwingine. Norman Unsworth, 81, mjane, mchimba makaa ya mawe mstaafu, huja kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, hukaa kwenye stuli karibu na kaunta na kupewa kijiko cha kwanza. Anatafuna. Anaangalia dari. Kisha anapiga chafya.

Chafya moja, pilipili imekaa sawa. Mbili, imezidi. Asipopiga, Glenda anarudi kwenye sufuria.

Na kwa nini Norman, si mtu mwingine? Mumewe Glenda, Clive, anajibu mwenyewe huku akipanga trei: "Mimi nasema kila kitu kitamu."

"Huyu angekula kiatu," anasema Glenda, "bora kiwe na mchuzi."

Majirani nao hawafai. Hindlow mtu hamwambii mpishi kwamba chakula kibaya. Atakula, atafuta mdomo, atasema "asante kipenzi, nimeshiba", kisha atakwenda kulia nyumbani. Ndiyo maana hata mezani hawaweki pilipili. Kuiweka ni kumtukana aliyepika. Norman naye kalelewa hivyo hivyo. Ila chafya haijui adabu.

Kesho Jumapili Norman anahama. Binti yake aliyeolewa Cornwall, kusini kabisa, hataki tena baba yake aishi na ngazi zile peke yake.

"Kule pai wanazikunja," anasema mzee huyo, kama anayesoma hukumu. "Kama sambusa. Wanatia na figili! Umri huu, mimi nikale kitu kilichokunjwa?"

"Utakula na utanyamaza," Glenda anamwambia.

"Nitakula. Kunyamaza sijaahidi."

Hivyo sufuria ya leo ni ya kwanza ambayo Norman hajaionja. Amekatazwa makusudi kupita mlangoni. Glenda amegundua kwamba ijapokuwa pua haipati harufu, bado inawashwa. Pilipili ikitosha, mvuke unamchoma juu ndani ya pua na kwenye pembe za macho. Anataka kujua kama anaweza kuutegemea mwasho huo. Asipoweza, ameshaamua.

"Nitafunga duka," anasema bila kupandisha sauti. "Siwezi kumuuzia mtu kitu nisichokijua."

Jioni, ukumbi wa klabu umejaa wazee waliochana nywele kwa maji. Pai zimekuja kwenye trei za bati, kifuniko cha unga kimeiva rangi ya dhahabu, na pembeni bakuli za kabichi nyekundu iliyolowekwa kwenye siki. Norman, kwa kuwa ni mgeni wa heshima, ndiye anayevunja trei ya kwanza. Glenda amesimama nyuma ya kidirisha cha jikoni, sikio nje.

Norman anatafuna. Anaangalia dari.

Anachukua kipande cha pili. Dari iko pale pale. Chafya hakuna.

"Asante kipenzi," wanasema meza ya kwanza. "Asante kipenzi," wanasema ya pili. Uma zinakwenda taratibu, kama watu wanaovuka barafu. Kisha Glenda anaona mabega. Bega moja linashuka kidogo chini ya meza, linapanda. La jirani linashuka, linapanda. Kitu kinatembea kwenye mapaja.

Anatoka jikoni na kumfuata mwenyekiti wa klabu, Muriel Higham.

"Muriel, una nini hapo?"

"Leso."

"Leso gani inamwaga unga mweupe kwenye sketi?"

Muriel anaweka kikopo cha pilipili mezani polepole, uso umemwiva kuliko kabichi. Ukumbi mzima unajikuta unatazama sahani zake. Glenda anamgeukia Norman.

"Mzee Norman. Niambie."

Norman anaweka uma chini. "Haina kitu, mwanangu. Nikifumba macho nadhani nimelazwa, nasubiri daktari."

Mtu mmoja anacheka, anajuta, lakini ameshachelewa. Kicheko kimeshika meza zote. Hata Glenda anacheka, kisha anakaa kwenye kiti kilicho karibu na kujifunika uso kwa aproni.

"Macho yaliniwasha," anasema ndani ya aproni. "Naapa, yaliniwasha mpaka nikalia."

"Vitunguu ulikatia wapi?" anauliza Muriel.

"Vya sufuria ya pili? Hapo hapo, pembeni ya..." Aproni inashuka. "Mungu wangu."

"Ulililia vitunguu, bibi wee!"

Kosa lilikuwa hilo tu. Sufuria ilikuwa haina hatia, wala pua. Beseni zima la vitunguu vibichi lilikuwa kiwiko kimoja kutoka usoni mwake, likamchoma macho, naye akaipongeza pilipili. Kisha akaitia pilipili sufuria ya pili kwa kuifuata ya kwanza.

Basi, ukweli ukishapata mlango katika ukumbi wa Hindlow haujui kutoka. Mzee mmoja alisimama kumwambia Glenda kwamba Krismasi iliyopita kifuniko cha pai kilikuwa kinene kama mkeka. Mwingine alisema miaka sita amekuwa akitamani mchuzi zaidi. Clive alikiri kwamba hapendi kabichi. Inadaiwa walikaa hapo mpaka matufe yenyewe yakapiga miayo, na kila trei ikarudi jikoni tupu, maana pilipili sasa ilikuwa mezani, hadharani.

Kabla ya kuondoka Muriel aliomba rasmi nafasi ya stuli. "Nimeshaaibika, sasa naweza kusema lolote," alisema. Glenda alimjibu kwamba bado hajajua kama kutakuwa na duka la kuweka stuli.

Asubuhi ya Jumapili anakatia vitunguu uani, kwenye upepo, na kuvitia sufuriani. Ananawa uso kwa sabuni. Anasubiri vitunguu viive, vilainike, viishiwe ukali. Ndipo anainama, macho kayafumba. Anatia pilipili, anangoja, anatia tena. Safari hii hacheki wala halii. Anakunja pua tu, mara moja, kama sungura, na kuweka kikopo chini.

Anaoka pai moja. Anaifunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo na kuipeleka kituo cha basi mwenyewe.

"Usiifungue mpaka umetoka Lancashire," anamwambia Norman.

"Kwani unaogopa nitarudi?"

"Panda, babu wewe, watu wanakungoja."

Basi linaondoka. Glenda anarudi dukani, ambako Jumapili hakuna kazi, na anajitafutia kazi: anasugua trei zilizo safi, anaihamisha stuli kutoka kaunta hadi dirishani, anairudisha. Anasema ikiwezekana angependa kuiacha hapo kwa yeyote mwenye ujasiri wa kukaa na kusema ukweli, Muriel akiwa wa kwanza. Ikiwezekana.

Mchana simu ya ukutani inalia. Anaifikia kabla ya mlio wa pili.

"Mzee Norman? Uko wapi?"

Kutoka upande wa pili inasikika ngurumo ya basi, mtu anatafuna. Bila shaka anaangalia dari ya basi.

Kisha inakuja, kubwa, mpaka Clive anaisikia kutoka jikoni. Chafya.

Glenda anakandamiza simu sikioni, akisubiri ya pili. Basi linanguruma. Mtu mwingine ndani yake anasema pole. Ya pili haiji.

"Moja," ananong'ona, na kuinua kidole kumwonyesha mumewe. Anarudisha simu ukutani, anatungua aproni kwenye msumari na kuifunga kiunoni.

"Clive, toa nyama ya kesho."