Kifuniko cha Tangi la Petroli

Harufu ya petroli haijawahi kunipita bure. Hata leo nikienda Nyamisati kununua samaki, mtu akifungua dumu karibu yangu, narudi kuwa mtoto wa miaka minane, nimeshika ncha za kanga, namkinga mama jua.

Baba alikuwa na boti ndogo ya abiria kwetu Maparoni, na mashine moja ya nyuma aliyoipenda mno. Jioni aliivua, akaiosha kwa maji ya kisima, akaifunika kanga. Mama alikuwa akisema ile ndiyo mke mwenzake, tena kipenzi, maana kanga yake ilikuwa mpya kuliko zake yeye. Baba alicheka, akasema mashine ni kama mgonjwa: usiipige, iulize inaumwa wapi.

Asubuhi ile mgonjwa alikuwa mama. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, na damu ilikuwa ikitoka kuliko ilivyopasa. Mkunga akasema apelekwe hospitali Kibiti upesi. Tukapanda wanne: baba nyuma kwenye mashine, mama kalazwa kwenye mkeka, shangazi Mwanaidi kampakata kichwa, na mimi karibu na tangi la mafuta.

Juu ya kifuniko cha tangi kulikuwa na kiskrubu kidogo cha kupitishia hewa. Baba alikilegeza mwenyewe kabla hatujaondoka, kama siku zote. Lakini njiani harufu ya petroli ilimchafua mama, akatapika, akanong'ona kwamba harufu ile inammaliza. Mimi nilikuwa nimezoea kumwona baba akikaza kile kiskrubu kila tukifika nyumbani, na harufu ikapungua. Nikanyoosha mkono, nikakikaza. Mama akafumba macho, akatabasamu kidogo. Nilijiona mtoto mwenye akili kuliko wote duniani.

Haukupita muda, mashine ikakohoa, ikazima. Tulikuwa ndani ya mkondo mwembamba, mikoko pande zote, maji yanakupwa. Baba hakuhamaki. Alifungua plagi, akazipangusa kwa shati, akazirudisha, akavuta kamba. Kimya. Akaminya kipira cha kupampu mafuta. Kilikuwa kimebonyea, hakirudi. Akachomoa mpira wa mafuta, akaupuliza, akauchomeka. Ikawaka, tukasema alhamdulillahi, tukaenda kidogo tu, ikazima tena. Akarudia yote. Viganja vyake vilichubuka kwa kuvuta kamba. Boti ikagusa matope.

"Kaka, fanya hima," shangazi akasema kwa sauti ndogo.

Ndipo baba akaja kwenye tangi kutazama kama petroli imeingia maji. Akashika kifuniko. Akatulia. Akanitazama usoni, kisha akageuka, mgongo wake ukamziba shangazi asione, akakilegeza kile kiskrubu. Nilisikia hewa ikivutwa ndani.

"Plagi ilikuwa chafu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mashine ikawaka mara moja, lakini maji yalikuwa yametukimbia. Baba akashuka, matope yakamfika kiunoni, akaisukuma boti peke yake mpaka penye kina. Mama alifariki ndani ya gari tulilokodi Nyamisati, hatujaiona Kibiti, na mtoto wake tumboni.

Siku ya tatu ya msiba, mjomba, kaka yake mama, alisema mbele ya watu kwamba dada yake ameuawa na uzembe. Mwanamume mwenye mke mjamzito haachi mashine yake ichakae. Nilikuwa nyuma ya ua wa makuti. Nikamsikia baba akijibu taratibu, "Kweli, shemeji. Sikuikagua. Kosa ni langu."

Nikamwamini.

Nikahamia kwa shangazi Mwanaidi, alikoolewa Kibiti. Baba aliuza mashine, akarudi kulima mpunga. Kila Idi alikuja na kiroba cha mchele mpya, akakaa barazani. Nilimwamkia, nikaingia ndani, nikabaki huko mpaka aondoke. Hata siku aliyoniozesha, sikumbusu mkono.

Mwaka juzi nilipanda boti ya watu, ikazima katikati ya maji. Nahodha hakugusa hata spana. Alinyoosha mkono kwenye tangi, akauliza nani kafunga hewa, maana tangi lisipopumua mashine haipati mafuta. Abiria wakacheka. Mimi nilikitazama kile kiskrubu mpaka tukafika ng'ambo.

Kesho yake nilikwenda Maparoni, nikamkuta baba akinoa panga nje ya nyumba.

"Baba, ni mimi niliyekikaza," nikasema.

Aliendelea kunoa. Nikasema tena. Akaliweka panga chini.

"Umekula?" akauliza.

Nikala, naye akakaa kando akinitazama. Hatukulizungumza tena, na kabla ya mwaka kwisha tulimzika karibu na mama.

Utotoni nilidhani mtu akikubali kosa, basi kosa ni lake. Sikujua kwamba pale mkondoni, mama akiwa anaondoka mbele ya macho yake, baba alipata pumzi moja tu ya kuamua, akaamua mimi nisijue. Alikubali aitwe mzembe na shemeji zake. Alikubali hata nimchukie. Siku yoyote katika miaka yote ile angeweza kuniambia neno moja tu, nikarudi kuwa mwanawe. Hakulisema.