Fizi Kwenye Mizani

Mwaka jana fizi zangu zilianza kutoa damu kila nilipopiga mswaki. Sikumwambia mtu. Niliacha korosho za kukaanga, nikaacha muhogo mbichi, nikahamia kwenye maandazi ya kuchovya kwenye chai yenye sukari ya kutosha. Walimu wenzangu wakanisifu: "Mtwara imekupenda, umenawiri!" Nami nikajiona.

Maumivu yalipozidi nilikwenda kwa daktari wa meno, mtaa wa Chikongola. Hata mdomo hajauangalia, akaniambia nipande kwenye mizani. Nikawaka.

"Daktari, mimi nimeleta fizi, sikuleta tumbo."

Akacheka taratibu. "Vyote ni vya mwili mmoja, mama. Mafuta yakizidi, mwili unakuwa mwepesi kuvimba, na fizi zikishaugua zinachelewa kupona. Haya, siku hizi unakula nini?"

Nikaanza kumtajia. Nilipofika kwenye maandazi nikaelewa mwenyewe. Fizi ndizo zilizoninenepesha, na sasa unene unazirudia fizi.

Alinisafisha meno, nikarudi nyumbani. Jirani yangu alikuwa anafagia uwanja. "Mwalimu, unazidi kupendeza!"

Nikamshukuru kwa tabasamu, mdomo nimeufunga, asije akaona damu.