Mtu Niliyemfundisha Kukaa Kama Mimi

Soko jipya lilipokuwa linajengwa, nilikuwa najua saa bila kuangalia simu. Mashine ya kuchanganya zege ilianza kunguruma watu wakienda kazini, ikanyamaza saa saba wakila, ikarudi mpaka jioni. Chumba changu hapa Busia kimepakana na ukuta wa hilo soko. Siku moja ilinyamaza saa saba na haikurudi. Mpaka leo. Nguzo zimesimama vyuma vikiwa vimetokeza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa vibaya, na mbuzi wanalala palipopangwa kuwa maduka ya nguo.

Wasomi wanasema uchumi umeanguka. Mimi niliachia darasa la nne, lakini najua kitu hakianguki hivi hivi, kuna mkono. Mkandarasi wa lile soko alijenga mpaka usawa wa madirisha, akafunga simu akaenda. Nilikuwa namwona akija na gari lake, kofia ya plastiki nyeupe kichwani, haina hata tone la zege. Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni tajiri mmoja wa malori, nitamfikia. Wa tatu nitamsema pia, ingawa huyo ananichoma koo.

Kwetu ni Budalang'i. Polio ilinikuta kabla miguu haijapata nguvu, kwa hivyo sina kumbukumbu ya kutembea. Mto ukifurika, mama alinibeba mgongoni mpaka juu ya tuta, ndipo akarudi kuchukua sufuria. Shule nayo alinibeba, mpaka nikawa mzito kuliko gunia. Nikabaki nyumbani. Nilipokuwa mtu mzima nikaja Busia, nikaingia kazi ambayo walemavu wa hapa wameifanya tangu zamani: kuvusha mizigo mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu.

Baiskeli zetu zinachomelewa hapa hapa. Unakaa mbele, unazungusha pedali kwa mikono, nyuma kuna sanduku la chuma. Ukienda Uganda unabeba sabuni na mafuta ya kupikia, ukirudi unabeba mayai au sukari. Mzigo ukiwa mkubwa huwezi peke yako, lazima kuwe na mtu wa kusukuma. Na desturi ilikuwa hivi: askari wa kizuizi akituona, anainua mti tunapita bila ushuru. Sijui kama iliandikwa mahali. Ilikuwa huruma iliyozoeleka mpaka ikakaa kama haki, na sisi tuliila miaka mingi bila kuiuliza maswali.

Zamani kupata msukumaji ilikuwa shida. Mwanaume mwenye nguvu zake alipata kazi ya mjengo, au alipakua malori Malaba, au alichoma matofali. Waliokubali kusukuma walikuwa walevi, na asubuhi ilibidi uende kuwaamsha. Mashine iliponyamaza, nikaanza kuamshwa mimi. Wa kwanza kubisha mlango wangu alikuwa mchomeleaji wa mageti. Kama hakuna anayejenga, nani ataweka geti? Akaja aliyekuwa anauza vigae. Akaja karani wa wakala wa forodha kutoka Malaba, bado amevaa shati la mikono mirefu, akasema ofisini kwao kumebaki meza na kalenda. Akaja mwalimu wa chekechea ya kulipia, maana wazazi wa wale watoto walikuwa hao hao wa mageti na vigae. Mimi nakaa mbele, anayenisukuma simwoni, namjua kwa pumzi. Mwaka ule pumzi za kila kazi zilipita nyuma ya shingo yangu.

Aliyedumu alikuwa fundi mmoja wa mawe, mtu wa upande wa Funyula. Ndiye aliyejenga ule ukuta uliopakana na chumba changu. Siku ya kwanza aliniinua akaniweka kitini bila kuuliza, kama anayepanga tofali, kisha akasema, "Mzee, wewe ni mwepesi kuliko wilbaro ya zege."

"Na wilbaro haiongei," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo shida yako."

Tulisukumana hivyo karibu mwaka mzima. Mizigo yetu tuliipata kwa mama mmoja mwenye duka la jumla karibu na stendi, mama mkali lakini wa haki, ambaye alikuwa anajua nani amekula na nani hajala. Halafu yule tajiri wa malori akaanza kuingiza sukari na mayai kwa trela nzima nzima. Sijui alizungumza na nani. Najua tu malori yake hayakulala foleni kama ya wengine, na bei yake sokoni ilikuwa chini ya ile mama aliyonunulia. Mizigo ya mama ikapungua. Baiskeli zikabaki zimejipanga barabarani kama zinangoja kubatizwa.

Siku hiyo tulikuwa tunakula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tumekaa ndani ya lile soko lisiloisha kwa sababu ya kivuli. Fundi akaweka sahani chini.

"Mzee, mimi nikikaa mbele?"

"Mbele wapi?"

"Kwa baiskeli. Ile yako ya zamani umeiegemeza tu ukutani. Nikunje miguu, nijifunike blanketi. Wewe na mzigo wako, mimi na wangu. Tunapata mara mbili."

"Una miguu miwili kama nguzo za hili soko."

"Nguzo za hili soko zimebeba nini?"

Nilicheka. Na nitasema ukweli, kwa sababu nimechoka kuuficha. Sikukubali kwa huruma, ingawa alikuwa na watoto wanne na mke wake alikuwa ametoka kujifungua pale hospitali ya Nangina. Nilikubali kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu mwenye miguu mizima kutaka kuwa kama mimi. Maneno yale yalinipanda kichwani kama pombe.

Nikamfundisha humo humo, kwenye sakafu aliyoimwaga yeye mwenyewe.

"Goti lisisimame. Liache lilale lenyewe, kama limekufa."

"Hivi?"

"Hapo umekaa kama mtu anangoja chai. Legeza. Na usiangalie miguu. Mlemavu haangalii miguu yake, aliishaizoea. Angalia mikono."

"Na nikiwashwa?"

"Utawashwa ukifika Uganda."

Alijifunza haraka. Fundi mzuri hujifunza kwa macho. Baada ya wiki mbili, hata mimi nikimwangalia kwa mbali nilimsikitikia.

Tatizo ni kwamba alikuwa na nguvu. Mabega yake yalikuwa ya kubeba mawe, na pale pasipo na macho ya watu alishusha mguu mmoja akajisukuma. Alikuwa anakwenda safari tatu mimi, nikisukumwa na yeyote aliyebisha mlango asubuhi hiyo, nikienda moja. Mama wa jumla akaanza kumpa mizigo ya asubuhi. Nikamuuliza mama, akasema, "Baba, mayai hayangoji." Sikumlaumu. Nilimlaumu fundi. Kila akinipita pale kwenye mlima mdogo wa kuelekea kizuizini ananiita, "Mzee, polepole, usije ukaumia miguu." Ni utani tu, utani wetu wa zamani. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuuhesabu.

Na hakuwa peke yake. Wengine walimwona wakaiga. Walemavu wakaongezeka Busia kuliko ugonjwa wowote ungeweza kueleza, na hilo halikuchelewa kufika kwa wakubwa. Asubuhi moja mti wa kizuizi haukuinuliwa. Baiskeli zote zikapangwa kando. Ofisa mpya, mwanamke wa sauti ya chini, akapita akituangalia mmoja mmoja. Tuliambiwa tufunue miguu. Nikakunja suruali mbele ya madereva, mataniboi wa malori na wauza ndizi, miguu ambayo hata majirani zangu hawajawahi kuiona. Lakini miguu peke yake haisemi. Wenzetu wawili waliumia uti wa mgongo, miguu yao ni minene tu kama ya mtu yeyote.

Ofisa akasimama mbele yangu. "Mzee, naambiwa wewe ndiye wa siku nyingi hapa. Nani kati ya hawa anatembea? Mkinyamaza nafunga baiskeli zote mpaka daktari aje, na sijui atakuja lini."

Nilikuwa na njia. Ningesema sijui. Tungefungiwa wiki, pengine mwezi, wote pamoja. Nilimtazama fundi. Alikuwa ametulia, goti limelala, macho kwenye mikono, vizuri kabisa kama nilivyomfundisha. Juu ya sanduku lake kulikuwa na trei za mayai ya mama. Langu lilikuwa tupu.

Nikanyoosha kidole.

Hakubisha. Ofisa alimwambia simama, akasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akayumba, akashika usukani. Dereva mmoja akasema, "Haleluya, leteni sadaka, huyu ameponywa." Watu wakacheka mpaka upande wa pili wa kizuizi. Fundi akakunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mapaja yangu kwa sababu lilikuwa langu. Hakuniangalia. Akatembea kurudi mjini. Ile baiskeli ya zamani ilichukuliwa, pia ilikuwa yangu.

Huyo ndiye wa tatu. Mkandarasi alimwondolea kazi, tajiri akamwondolea mizigo, lakini aliyemwondoa barabarani ni mimi, niliyemweka pale.

Sisi wa kweli tulipewa karatasi yenye muhuri. Ninayo, nimeitia kwenye plastiki isilowe. Mti unainuliwa nikiionyesha. Kilichokosekana ni mtu wa kusukuma. Niliwaambia wale wale waliokuwa wanabisha mlango wangu alfajiri. Mchomeleaji akasema mgongo unamsumbua. Karani wa Malaba alisema wazi zaidi: "Mzee, una kidole kirefu. Mimi nikikusukuma, kesho utaninyooshea mimi."

Juzi mama wa jumla alinipa katoni za sabuni, chache, nadhani kwa kunionea huruma. Nikazungusha mwenyewe mpaka kwenye ule mlima mdogo. Hapo mikono ikakataa. Trela likasimama nyuma yangu likipiga honi, la pili likafuata. Kando ya barabara, juu ya matofali yaliyobaki ya soko, walikuwa wamekaa wanaume kama kumi wasio na kazi. Fundi alikuwa mmoja wao. Miguu yake ilikuwa imekunjwa chini yake, goti limelala lenyewe, sidhani kama alijua.

"Fundi," nikamwita. "Nivushe hapa tu."

Akaniangalia bila hasira, kama mtu anayepima ukuta ulioinama.

"Mzee, mimi ni mlemavu," akasema. "Si wewe ulinifundisha?"

Hakuna aliyecheka. Honi ikapigwa tena. Nikafungua sanduku, nikaanza kushusha katoni moja moja na kuzipanga kando ya lami, baiskeli iwe nyepesi niweze kuigeuza.