Nyanya Anapenda Mbaazi, kwa Kijerumani

Mwanangu, katika siku zangu za usichana ipo moja ambayo nikiikumbuka kifua hunijaa. Ni siku niliyokaa mezani na Wajerumani nikawaambia, kwa lugha yao, ninachopenda kula na nisichokunywa. Utacheka useme, hilo nalo ni la kujivunia? Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule. Tulikaa papa hapa Mji wa Kale, mimi, baba yangu, na mama yake baba, nyanya Mwanaisha, aliyenilea tangu mama alipofariki. Wageni wa Kijerumani walikuwa wakija kwa wingi kuitazama Ngome ya Yesu, nami nikatamani kuwa mtembezaji wao: niwapitishe vichochoroni, niwaonyeshe milango ya nakshi, niwaeleze habari zetu kwa kinywa changu. Basi nikaingia darasa la Kijerumani kule Mbaraki, kwa Mwalimu Wafula, mtu wa bara aliyeipenda lugha ile mpaka akawa hufumba macho akiifundisha.

Somo la mwanzo lilikuwa la chakula. Ukitaka kusema wapenda kula samaki, alitufundisha, sema *Ich esse gern Fisch*. Wapenda kunywa chai, *Ich trinke gern Tee*. Hilo neno dogo, *gern*, ndilo lililobeba mapenzi. Kitu ukikipenda zaidi ya kingine, *gern* hugeuka *lieber*, na ukipendacho kuliko vyote ni *am liebsten*. Kisha akatuuliza mmoja mmoja.

"Zuhura, wewe wapenda kula nini?"

"Chochote, Mwalimu."

"Chochote si chakula. Nenda nyumbani ukafikiri."

Sikumjibu vile kwa ujeuri, mwanangu. Sisi tulilelewa kwamba mtoto mwenye adabu hula alichopakuliwa na kushukuru. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamkuta nyanya jikoni, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Nikamuuliza swali lile lile. Mkono ukasimama.

"Mimi? Mbona sijapata kuulizwa?" Akaigeuza ile nazi mkononi. "Mbaazi. Mbaazi za nazi nzito, na mahamri ya moto. Hiyo biriani watu waisifu, lakini mimi yanichosha."

Nyanya alikuwa akiitwa kupika biriani ya harusi mtaa mzima, kumbe mwenyewe haitaki!

Tangu siku hiyo jiko letu likawa darasa, nami nikagundua kwamba hata mimi mbaazi zake ndizo nizipendazo kuliko vyote. Yeye husema kwa Kiswahili, mimi nageuza kwa Kijerumani, naye hunirudia kwa sauti ya chini huku akikoroga chungu. Ile *ich* yao haikumsumbua kuitamka. Alisema si mbali sana na kheri yetu.

Baba yangu hakupendezwa. Alikuwa karani bandarini Kilindini, mtu mpole, lakini kwa hili alikaza. "Wale watakukalisha mezani," aliniambia, "wakulishe na wakunyweshe watakacho wao, na wewe kwa haya zako utaitikia tu." Nyanya akamjibu, "Mwache ende. Mimi namjua." Baba akainuka akaenda zake barazani, uso bado umemkunjama.

Ikafika siku ya kupimwa. Kampuni moja ya utalii ilikuwa ikitafuta watembezaji, na mkuu wake, mama wa Kijerumani tuliyemwita Bi Helga, alitualika sisi tulioomba kazi chakula cha mchana nyumbani kwake Kizingo. Alitaka kutuona mezani, kwani mtembezaji hula na wageni karibu kila siku. Ikaletwa nyama ya nguruwe. Nikasema *danke* tu, yaani ahsante, na sahani ikapita. Mwalimu alikuwa ametufunza kwamba kwao ukikaribishwa kitu ukasema *danke* peke yake, umekataa. Anayetaka husema *ja, gern*, ndiyo, napenda. Samaki alipokuja nikasema *ja, gern*, tena kwa moyo wote.

Kisha ikaja divai. Mzee mmoja aliyeketi mkabala nami akainua chupa, akanihimiza: kidogo tu, kwa heshima ya mwenye nyumba. Meza nzima ikanitazama. Nikayakumbuka maneno ya baba. Nikatabasamu, nikasema: "*Nein, danke. Ich trinke keinen Wein. Ich trinke lieber Wasser.*" Hapana, ahsante. Mimi sinywi divai. Napendelea maji.

Yule mzee akaiweka chupa chini, akanimiminia maji kwa mkono wake.

Bi Helga akaniuliza, basi ni kipi nikipendacho kuliko vyote? "*Am liebsten esse ich Mbaazi mit Mahamri*," nikamwambia. Mbaazi ndiyo nini? Hapo ulimi ukafunguka. Nikawaeleza zinavyovimba ndani ya tui, na hiliki inavyonukia mahamri yakiwa mafutani. Kijerumani changu kilichechemea, lakini watu waliacha kula wakanisikiliza.

"Wengi hunikubalia kila kitu, nikabaki siwajui," alisema Bi Helga. "Wewe nimekujua." Kazi nikaipata pale pale, naye akaomba aje kuzionja hizo mbaazi.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Baba alimpokea mlangoni, kanzu imenyooka na shingo imenyooka zaidi. Nyanya akatoka jikoni na sinia, akalitua, akamtazama mgeni usoni, akasema: "*Ich esse gern Mbaazi. Und Sie?*" Mimi napenda kula mbaazi, na wewe je?

Bi Helga akashika mdomo. Baba akamgeukia mamake. "Mama! Tangu lini?"

"Tangu nilipoulizwa," nyanya akasema, akaanza kupakua.

Baba alicheka mpaka akatafuta pa kuketi. Jioni ile nilimsikia barazani akiwaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa kichochoro, kwamba nyumbani kwake binti na mama wote wawili wasema Kijerumani.

Niliwatembeza wageni miaka mingi, mwanangu, na kula nao meza nyingi. Nawe ukiwa sasa unajifunza maneno hayo, usilidharau somo la chakula ukakimbilia maneno makubwa. Kijue kwanza ukipendacho, kisha kiseme kwa uso mkunjufu. Ambacho dini yako au mwili wako haukitaki, kikatae kwa upole na kwa neno moja, bila kuomba radhi kwa ulivyo. Na wenzako nao waulize wapendacho, ukianza na yule anayekupikia. Huenda amengoja kuulizwa umri wake wote.

Mungu akupe ulimi mwepesi na moyo mtulivu. Akukalishe na watu wema, nchi yoyote utakayofika, na kila utakapoinuka mezani uwaache wanakujua wewe ni nani, na wanatamani urudi. Amin.